Jina la Faili ni Tamati ya Wimbo

Mwaka jana, siku ya tatu baada ya mazishi, kijana mmoja alifika kibandani hapa Msimbu akiwa na simu mbili, yake na ya mama yake, pamoja na kadi ndogo ya memori aliyoifunga katika kipande cha karatasi ya daftari. Kibanda chenyewe ni kama vile unavyovijua: unachaji simu, unanunua vocha, na ukiwa na fedha kidogo ya ziada unaingiziwa nyimbo. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nikisubiri simu yangu ijae moto. Kijana akasema anatafuta sauti ya bibi yake. Marehemu alikuwa manju, mwanzishaji wa nyimbo za ngoma, na kwa miaka mingi watu walimrekodi kwa simu zao harusini na katika shughuli za mitaa. Sauti ipo, alisema. Aliwahi kuisikia ikitoka kwenye redio ya bodaboda, na dereva hakujua anamsikiliza nani. Ila hajui iko wapi.

Fundi akaichomeka kadi. Likafunguka lundo. Mafaili zaidi ya elfu moja, na majina yao yalikuwa hivi: herufi tatu "AUD" zikifuatiwa na tarakimu nyingi, "Track 01" nne, kila moja wimbo wake, "ngoma kali", "ngoma kali 2", "ngoma kali mwisho", "xaxa hii", "haina jina". Fundi akamtazama kijana, kijana akanitazama mimi, kana kwamba mtu aliyewahi kuandika mashairi gazetini lazima ajue pa kuanzia.

Nimeona niyaandike haya kwa wapenzi wa ushairi badala ya mafundi wa simu, kwa sababu kosa lililokuwa mbele yetu pale kibandani ni letu kabla halijawa lao. Fundi kazi yake ni kuhamisha. Sisi ndio tunaojidai kuwa tunajua thamani ya maneno na haki ya mwenye maneno. Na tunaporushiana nyimbo, simu kwa simu, kadi kwa kadi, kompyuta kwa kompyuta, huwa hatuna adabu hata kidogo ya kumtaja mwenyewe. Dai langu ni jepesi: anayempa mwenzake wimbo bila jina la mtunzi, la mwimbaji, la mahali na la wakati, amempa shairi lililokatwa ubeti wa tamati.

Sikulichagua neno hilo kwa ajili ya pambo. Washairi wetu waliujua msiba huu kabla ya umeme. Shairi lilipokuwa likinakiliwa kwa mkono, au likisafiri kwa mdomo kutoka mji hadi mji wa pwani, mtunzi hakuwa na mlinzi isipokuwa maneno yake mwenyewe. Ndiyo maana wengi walilitia jina lao ndani ya beti, aghalabu katika kaditamati, wakalifunga kwa vina na mizani ili atakayetaka kuling'oa apate tabu. Ukilifuta, mizani inapungua. Ukitia jina lako, kina kinakusuta. Baadaye, mashairi yalipohamia magazetini, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, mtunzi aliongeza lakabu yake na mji wake. Alijua kwamba akishaliachia shairi, hatalishika tena.

Na asipofanya hivyo mwenyewe, humhitaji mtu wa kumfanyia. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikuwa vichwani mwa watu, na yangeweza kupotelea humo. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya, akamsomea na kumwelezea Mwingereza W. E. Taylor: hili ni la Muyaka, hili lilimjibu fulani, neno hili maana yake hii. Karatasi hizo ndizo zilizomwezesha William Hichens kuchapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kuzikwa. Nijaribu kumfikiria Mwalimu Sikujua angekuwa na mazoea yetu ya leo. Angeandika juu ya karatasi: "shairi zuri 1", "shairi zuri 2", "shairi zuri mwisho". Tungekuwa na beti nzuri sana zisizo na Muyaka.

Ajabu ni kwamba faili la muziki nalo lilizaliwa na tamati yake. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni lebo ndogo ya kuambatishwa kwenye mafaili ya MP3, ikaitwa ID3. Ilikuwa baiti 128 tu, nazo ziliwekwa mwishoni kabisa mwa faili, baada ya sauti kwisha: baiti 3 za kuitambulisha lebo yenyewe, 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na 1 ya aina ya muziki. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mtu aliyezoea kubana maana yake katika mizani kumi na sita ya mshororo hawezi kulalamika kwamba nafasi ya herufi thelathini ni finyu. Na mahali penyewe, mwishoni, ndipo hasa babu zetu walipolitia jina.

Kilichokosekana katika lebo ile ni mtunzi wa maneno. Palikuwa na pa mwimbaji, hapakuwa na pa mshairi. Kwa muziki wa huko ilikobuniwa labda haikuwa hasara kubwa. Kwa taarabu ni hasara kubwa mno, maana sisi tunajua kwamba mara nyingi wimbo mmoja wa taarabu una watu watatu: aliyeandika shairi, aliyelitia muziki, na aliyeliimba. Msikilizaji humjua wa tatu tu. Lakini kisingizio hicho kilikwisha zamani. Toleo la pili la lebo, la mwaka 1998, lilihamishiwa mwanzoni mwa faili, likawa na nafasi ya mtunga muziki, nafasi nyingine ya mwandishi wa maneno, na hata nafasi ya kuandika wimbo mzima, beti kwa beti, pamoja na alama ya herufi tatu ya lugha. Ya Kiswahili ni swa. Chumba kipo, mlango uko wazi, hakuna anayeingia. Katika miaka yote ya kurushiwa nyimbo, sijapokea hata faili moja ambalo nafasi ya mwandishi wa maneno ilikuwa imejazwa. Nafasi ya mwimbaji huwa imejazwa, lakini kwa jina la tovuti au la DJ aliyelipitisha faili mikononi mwake na kulipiga muhuri, kama mpagazi anayeandika jina lake juu ya mzigo wa watu.

Uzembe huu haukuanzia kwetu. Mtandao wa Napster ulipofunguliwa mwaka 1999, mamilioni ya watu walianza kuchukuliana nyimbo moja kwa moja kutoka kompyuta ya huyu hadi ya yule, na majina yakaanza kuvurugika papo hapo. Mfano ujulikanao kuliko yote ni ule wimbo wa Bobby McFerrin unaomhimiza mtu asihangaike bali afurahi. Ulitoka mwaka 1988. Bob Marley alifariki mwaka 1981. Hata hivyo kwa miaka mingi faili lake limezunguka dunia likiwa na jina la Marley, na hadi leo wapo watakaobishana nawe kwa kiapo kwamba ni wake. Mtu mmoja alikisia, akaandika, akawapa wengine. Wao hawakukisia tena, walinakili.

Hapa kwetu tunayo mivutano mikubwa zaidi, isiyo ya mzaha. Wimbo "Malaika" ulienea kwa sahani ukiwa na jina la Fadhili William wa Kenya, na Adam Salim wa Tanzania akadai kuwa yeye ndiye aliyeutunga. Simhukumu yeyote kati yao, na wote wawili wameshatutoka. Ninachosema ni kwamba watu walipoteza miaka ya maisha yao kudai mstari mmoja wa jina. Nasi mstari huohuo tunaufuta kwa kidole gumba kwa sababu tunaona ni mrefu.

Sasa nirudi hapa Kisarawe, maana mfano unaoniuma uko karibu zaidi. Bendi ya NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi ikawa Juwata Jazz. Kilipogeuka tena ikawa OTTU Jazz, kisha ikabaki na jina ambalo watu walikwisha kuipa wenyewe: Msondo Ngoma. Mwaka 1978 kukazaliwa Mlimani Park, ambayo wapenzi wake waliiita Sikinde, ngoma ya ukae. Mmoja wa nguzo za bendi zote hizo mbili, Muhidin Maalim Gurumo, alizaliwa Masaki, humu humu wilayani, mwaka 1940. Alifariki Aprili 2014. Mtu huyo aliimba na kutunga katika NUTA, katika Mlimani Park, katika Orchestra Safari Sound, na tena katika Msondo. Sasa fungua folda ya mpenzi yeyote wa muziki wa dansi. Utakuta kila kitu kimeandikwa "Msondo" au "Zilipendwa". Wimbo wa mwaka 1970 na wa mwaka 2005 uko chini ya jina moja, na mtu anayetaka kujua lugha ya Gurumo ilibadilikaje kati ya ujana na uzee hana pa kushika. Kwa mwanafunzi wa lugha hiyo ni hasara halisi: huwezi kusema neno fulani la mitaani liliingia lini katika nyimbo zetu ikiwa nyimbo zenyewe hazina miaka.

Lakini liko jambo lililonishtua zaidi. Sikinde ni jina la ngoma ya Wazaramo. Ukae, kwa Kizaramo, ni nyumbani. Msondo nao ni ngoma ndefu ya pwani, iliyokuwapo kabla ya gitaa lolote kufika Dar es Salaam. Bendi ziliazima majina hayo kwa heshima, na sina ugomvi nazo. Ila siku ile kibandani nilimwambia fundi aandike "sikinde" kwenye nafasi ya kutafutia, kwa sababu bibi yule alikuwa akiiimba. Zikaja nyimbo kumi na saba za bendi. Akaandika "msondo". Zikaja thelathini na kitu, za bendi. Tupo Msimbu, katikati ya Uzaramo, tunaitafuta ngoma ya Kizaramo kwa jina lake la Kizaramo, na haipo, ingawa ndani ya lundo lile ipo. Hakuna aliyeiandika. Waliorekodi bendi walau waliandika bendi. Waliorekodi ngoma waliona kila mtu anajua ni ngoma gani, na kila mtu huyo ndiye tunayemzika mmoja mmoja.

Basi nitoe maoni yangu juu ya namna ya kuandika, nikijua kwamba wengine mna utaratibu wenu na pengine ni bora kuliko wangu. Mimi huanza na tarehe, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2014-08-23. Sababu ni kwamba kompyuta hupanga kwa kufuata herufi na tarakimu za mwanzo, na tarehe ikiandikwa hivyo mafaili hujipanga yenyewe kwa umri. Usitumie mkwaju kati ya tarakimu, kwa kuwa mifumo mingi haiukubali ndani ya jina la faili, kama isivyoikubali alama ya kuuliza. (Ndiyo sababu nyimbo ambazo majina yao ni maswali hufika kwetu zikiwa kauli. Nani kama mama, ukiondoa alama, ni sifa tu.) Kisha mahali, kisha aina ya ngoma au jina la bendi kama lilivyokuwa siku ile, kisha mwimbaji, kisha jina la wimbo. Nambari chini ya kumi zitanguliwe na sifuri, la sivyo ya 10 itakaa mbele ya 2. Mtunzi wa maneno aingie kwenye lebo ya ndani, na jina la aliyerekodi pia, maana kurekodi ni kazi.

Juu ya bendi iliyobadili majina, nimegombana na marafiki. Mmoja hutenga folda nne: NUTA, Juwata, OTTU, Msondo. Mimi naweka folda moja ya ukoo na kuacha jina la wakati ule likae kwenye faili lenyewe. Yeye anasema naficha historia. Mimi nasema yeye anamkata mtu mmoja vipande vinne. Hatujapatana.

Majina ya watu yanahitaji uangalifu ambao mashine haina. Programu nyingi zimetengenezwa na watu wanaodhani kila mtu ana jina la ukoo, na kwamba neno la mwisho ndilo hilo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na akarekodi sahani Bombay mwaka 1928, nimemkuta zaidi ya mara moja akipangwa chini ya herufi S ya Saad, kana kwamba baba yake ndiye aliyeimba. Bi Kidude hukutwa chini ya "Bi", pamoja na mabibi wengine wote wa pwani. Andika jina kamili kama mwenyewe alivyoitwa na uliache lilivyo. Na tafadhali, s ni s. Anayeandika "xaxa" atafute peke yake.

Naona vyema nikiri kosa langu hapa kabla sijaendelea kuwahubiria wengine. Miaka kadhaa iliyopita nilirushiwa wimbo wa taarabu usio na jina. Sauti niliidhania, nikaandika jina la mwimbaji niliyemdhania, na katika nafasi ya mtunzi nikaandika jina hilohilo kwa uvivu. Niliwapa watu watatu. Miaka miwili baadaye wimbo ule ukanirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua, katika kundi la WhatsApp la wapenzi wa mashairi, ukiwa na kosa langu lilelile, neno kwa neno, na mtu mmoja akautolea hoja ndefu juu ya mtindo wa mtunzi huyo. Mtunzi ambaye nilimzua mimi, kitandani, usiku, nikiwa na usingizi. Niliandika kusahihisha. Watu wakaniuliza ushahidi uko wapi, maana faili linasema vingine.

Tangu siku hiyo, nikikisia naandika "yadhaniwa" mbele ya jina. Nisipojua naandika "mtunzi hajajulikana". Neno hilo "hajajulikana" lina maana kubwa kuliko nafasi tupu, kwa sababu humwambia atakayefuata kwamba mtu aliuliza. Na liko neno la tatu ambalo taarabu hulihitaji. Wapo watunzi waliotoa mashairi yao kwa vikundi kwa sharti wasitajwe, kwa kuwa shairi lilikuwa na mlengwa, mpenzi au hasimu, na jina lingevunja nyumba. Huyo naye ana haki yake. Andika "mtunzi ameomba asitajwe", na umwache na siri yake.

Kuhusu adabu ya kupeana kwenyewe, sina mengi, kwa kuwa mengi tuliyafunzwa utotoni tukitumwa kwa jirani kuomba chumvi. Katika mitandao ya kompyuta kwa kompyuta, kama Soulseek ambayo hadi leo ina watu wake, mtu huona folda zako nawe ukaona zake, na anayechukua bila kufungua chochote cha kwake hudharauliwa haraka. Ni haki. Asubiri zamu yake pia, asikate kamba katikati. Lakini naona bluetooth ya simu kwa simu, watu wawili wakiwa wamesimama chini ya mwembe, ina adabu bora kuliko hizo zote, maana unamwona usoni anayekupa na unaweza kumuuliza: huyu ni nani? Tunachokosa ni kuuliza tu. Ajuaye asipoulizwa hasemi, na asiyejua hatasema hajui. WhatsApp, kwa upande wake, ukituma wimbo kama sauti hulitupa jina uliloliandika na kuweka tarakimu zake. Ukiutuma kama hati, jina hubaki. Kidole kimoja zaidi, na tamati imesalimika. Jambo jingine: usilibane faili upya ili liwe dogo ukalituma kana kwamba ni asili. Kila mkono unaobana unapunguza, na wa kumi anapokea ngoma inayolia kama debe.

Je, haya yote si wizi? Swali hilo huulizwa, na ni la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoizaa COSOTA, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Msanii aliye hai na kazi yake inauzwa, nunua; usinirushie, nami sitakurushia. Methali inasema mcheza kwao hutunzwa, na lugha yetu, kwa werevu wake, imeliacha neno hilo moja, kutunza, libebe kumpa mchezaji zawadi na kumhifadhi asiharibike. Ninaowazungumzia hapa zaidi ni wale ambao hawakuuzwa kamwe: kanda iliyorekodiwa ukumbini na kusahauliwa, mdundiko wa harusi ya jirani, manju wa kijijini. Kwao hakuna duka. Tukishindwa kuwatunza kwa maana ya kwanza, ya pili iko mikononi mwetu.

Hata hivyo, si kila kinachorekodiwa ni cha kurushwa, na hapa nasema kwa uzito. Ziko nyimbo za mwali. Ziko za mkole, za unyagoni, zinazoimbwa wanaume wakiwa mbali na watoto wakiwa wamelala, na maneno yake ni mafunzo ya ndani yaliyofumbwa kwa makusudi. Siku hizi simu huingia hata humo. Binti anarekodi kwa furaha ya shughuli ya ndugu yake, anamrushia shoga yake, na juma la pili wimbo unapigwa stendi, wavulana wakiucheka wasioelewa. Wapo watakaoniambia kwamba mimi mwenyewe ninayelilia kuhifadhi sina haki ya kukataza. Nasema ninayo. Hati za kale nazo zilikuwa na za barazani na za chumbani. Kuhifadhi wimbo wa unyago ni kazi njema ikifanywa na somo na wenye shughuli, kwa ridhaa yao, katika folda yao, na kwa jina linalosema wazi: si ya kurushwa. Na aliyeletewa kwa bahati mbaya, akafungua akasikia ni wimbo wa namna gani, aufunge. Hahitaji sheria ya Bunge kulijua hilo. Nashangaa tu kwamba tunazo sheria za kutunga mashairi, alizotuandikia Amri Abedi na kuchapishwa mwaka 1954, na tunaweza kugombana siku tatu juu ya kina cha kati, lakini adabu ya kulipeleka shairi kwa mwingine hatujaiandika mahali popote.

Kijana na mimi tulikaa kibandani siku ile mpaka magharibi, na kesho yake tena. Fundi alituazima spika ndogo. Tulisikiliza mwanzo wa kila faili, sekunde kumi kumi, tukiyapita yale ya bendi na ya mahubiri na ya mpira. Mawili yalikuwa ya unyago. Kijana aliyatambua kabla yangu, akaona haya, akayazima na kuyahamishia kwenye simu ya mama yake. Siku ya pili, baada ya alasiri, ikatoka sauti ya mwanamke mzee juu ya makofi, na nyuma yake mtoto akilia na jogoo akiwika. Kijana hakusema kitu. Alilirudisha mwanzo. Jina la faili lilikuwa "Sauti 003".

Jina la bibi sitalitaja hapa, kwa kuwa familia sijaiomba ruhusa. Kwenye faili limeandikwa. Kijana aliandika mwenyewe, polepole, kwa kidole kimoja: mahali, kisha aina ya ngoma, kisha jina. Alipofika kwenye mwaka akasimama, akampigia mama yake simu. Mama akasema ile ilikuwa harusi ya Mwajuma, ila wa juu au wa bondeni hakumbuki vizuri, aulizwe mjomba. Mjomba alikuwa shamba. Tukaandika "mwaka waulizwa", tukaliacha hivyo.